Majibu ya Maji

Kalunde amekuja na chupa ya jemu, kaikumbatia,
imejaa maji ya kidimbwi cha nyuma ya nyumba,
kile nilichochimba mwaka wa ukame, nikakitandika turubai
lililowahi kufunika tumbaku,
nipate cha kumwagilia matembele.
"Bibi, humu kuna vitu vinatembea."
Namjibu bila kuinua kichwa: wadudu.
"Wadudu gani?"

Hapo ndipo aliponikamata.

Miaka thelathini na mmoja nimeinamia hadubini pale Kitete,
hadi jicho la kulia likawa dogo kuliko la kushoto,
nikiwatafuta watatu wanne ninaowajua kwa sura:
wa malaria na pete yake,
wa kichocho na mwiba wake mkiani,
amiba, safura.
Wengine wote niliwaita uchafu wa slaidi.
Nikaandika, nikaandika: Hakuna kilichoonekana.
Na mgonjwa akashukuru Mungu, akakunja karatasi, akaenda.

Hadubini ninayo. Walipoifuta kwenye orodha ya mali
niliiomba, kama mtu anavyoomba mbwa mzee.
Haina taa. Inakula jua kwa kioo,
na jua la Ipuli mwezi wa Septemba
ndicho kitu pekee ambacho hatujawahi kukopa.

Tone moja.

Wa kwanza anarukaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.
Mwili wake ni kioo: alichokula ni kile, cha kijani,
moyo ni ule, unakwenda mbio mgongoni,
na nyuma ya moyo watoto wanne,
kila mmoja na jicho lake jeusi.
Kiroboto wa maji, nasema. Hilo nilisoma chuoni, likanikaa.
"Anauma?"
Hapana.
"Sasa kiroboto wa nini?"
Naandika: Asiyeuma.

Wa pili ana jicho moja tu, katikati ya paji,
na mifuko miwili ya mayai, huku na huku,
kama mama anayeshuka treni ya Mpanda na marobota yake.
Wa tatu ni punje ya ufuta; mara inafunguka,
inatoa miguu, inaondoka.
Wa nne hana mwili wa kusimulia. Ni mdomo,
na mdomoni magurudumu mawili yanazunguka, yanazunguka.
"Cherehani ya Baba Mwamvua!" Kalunde anapiga kelele,
na jina linapita bila kupingwa.

Viluwiluwi vya mbu siwahitajii hadubini.
Wananing'inia kichwa chini, mkia juu, wakivuta pumzi zetu.
Hao nawachuja kila alfajiri kwa chujio la chai,
nawamwagia kuku.
Jirani yangu Mihayo amekuja mara mbili na kopo la oili chafu:
Dada Nyamizi, mimina, umalize kazi.
Namwelewa. Alizika mtoto,
na slaidi ile niliisoma mimi.
Habari za cherehani sijamwambia.

Jua lilipoelekea Urambo
kikapita kitu pembeni mwa duara la mwanga,
kirefu, chembamba, kama uzi wa mlenda,
kikijikunja, kikijikunjua, na nywele upande mmoja.
Nikazungusha skrubu, kikaja. Nikapumua, kikapotea.
Kikarudi chenyewe.
"Huyo nani?"
Simjui.
Mtoto akanitazama kana kwamba nimesema sina mikono.
Simjui, nikarudia,
na neno likakaa kinywani baridi, kama maji ya mtungi.

Nikavuta daftari. Namba: tano. Sampuli: maji.
Umri, nikapiga mstari. Anapoishi: kwangu.
Kwenye majibu mkono ukataka kwenda ulikozoea;
wino ulishagusa karatasi, herufi H imesimama pale hadi leo.
Nikaiacha. Mbele yake nikaandika
Kimeonekana,
nikatia sahihi na tarehe kama zamani.

Kisha tukaenda nyuma ya nyumba, gizani, na chupa yetu,
tukawamimina polepole,
na slaidi tukaisuuzia humo humo,
asibaki mtu.